Kumtafuta ng'ombe ndani ya folda kwa grep

Kwa mtu anayehifadhi maandishi mengi ya Kiswahili katika folda zenye folda nyingine ndani yake, amri ya grep, ambayo Ken Thompson aliiandika kwa ajili ya mfumo wa Unix mwanzoni mwa miaka ya 1970, ingali njia ya haraka ya kujua neno fulani limo katika faili lipi. Ukiandika `grep -rn "kitabu" .` kwenye terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandikia amri, herufi r huiagiza iingie katika kila folda ndogo, n huitaka itaje namba ya mstari, na nukta ya mwisho huonyesha kwamba msako uanzie hapo ulipo. Ukihitaji majina ya mafaili pekee, weka l badala ya n.

Hayo yamo katika kila mwongozo. Yasiyomo ni masuala ya Kiswahili chenyewe, na la kwanza ni ritifaa. Ukiandika ng'ombe bila kulifunga neno, terminali huichukua ritifaa kuwa alama ya kufungua nukuu, kisha hukaa ikisubiri ya kufunga. Kwa hiyo lifunge kwa alama pacha, yaani `"ng'ombe"`. Hata hivyo wapo ng'ombe watakaokuponyoka, kwa sababu programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kompyuta, hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Mimi hutumia `grep -rnE "ng.?ombe" .`, ambamo E huwezesha alama maalumu za utafutaji, nukta husimama badala ya herufi yoyote na alama ya kuuliza huruhusu isiwepo, hivyo hata aliyeandika "ngombe" hunaswa. Sharti terminali iwe inasoma UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi kwa baiti, la sivyo ritifaa iliyopinda huhesabiwa kuwa baiti tatu, na nukta moja haizitoshi.

Kuna pia suala la viambishi. Chaguo la w, linalodai neno kamili, halitufai sana: ukitafuta "soma" kwa chaguo hilo, "anasoma" na "wamesoma" hayatatokea. Ni afadhali kutafuta mzizi "som", ingawa "somo" na "masomo" yatafuata nyuma. Kwa nomino, `"[kv]itabu"` huleta umoja, wingi na hata "kitabuni".

Mafaili ya docx, yaani ya Microsoft Word, yana shida yake, kwani maandishi yake yamebanwa kwa mtindo wa zip na grep haiyaoni. Yageuze kwanza kuwa maandishi matupu, kazi ambayo programu ya ofisi ya LibreOffice huweza kuifanya kwa mafaili mengi kwa pamoja kutoka terminali hiyohiyo.