Kwa nini maziwa yanayolishwa na barafu ya milimani huwa rangi ya feruzi (buluu yenye ukijani), na ghuba yetu haiwi

Picha za Ziwa Louise la Alberta, Kanada, zikirushwa kwenye grupu la WhatsApp hapa Mwanza, hakosi mtu wa kusema zimetiwa rangi kwenye simu. Mwingine atasema chini ya ziwa kuna shaba. Wa tatu atasema ni anga tu linajiakisi. Picha zipo zilizokolezwa, ni kweli, lakini maji yenyewe ndivyo yalivyo. Hata siku ya mawingu mazito, anga likiwa la kijivu kutwa nzima, ziwa hubaki feruzi, ingawa hufifia kidogo. Kwa hiyo anga silo linalotoa rangi hiyo.

Kuna undugu wa majina hapa. Ziwa Louise hupokea maji ya barafu ya Mlima Victoria, uliopewa jina la malkia yule yule wa Uingereza ambaye jina lake liko kwenye ziwa letu. Louise alikuwa binti yake. Mama ni kijani, mwana ni feruzi, na tofauti yao inatokana na kile kinachoelea majini.

Tuanze na maji yenyewe. Maji safi hula mwanga mwekundu. Mwekundu ukisafiri mita 3 ndani ya maji safi, hubaki kama theluthi moja tu. Wa kijani hupungua kidogo, wa buluu karibu haupungui: asilimia 3 hivi. Ila ziwa lenye kina kirefu na maji safi matupu huonekana buluu nzito inayoelekea weusi, kwa sababu mwanga mwingi huzama na kutorudi machoni. Ili rangi ing'ae, lazima kiwepo kitu cha kuurudisha mwanga mapema.

Kitu hicho ni unga wa mwamba. Barafuto, yaani barafu nene ya mlimani inayoteremka polepole kwa uzito wake, hubeba mawe kwenye tumbo lake na kuyaburuza juu ya mwamba, kama jiwe la kusagia mtama. Kinachotoka ni unga mwepesi wa kijivu, na maji ya kuyeyuka huusomba hadi ziwani. Punje za mchanga wa milimita 0.06 hushuka mita nzima kwa dakika 8 hivi, kwa hiyo hubaki pale mto unapoingia. Chembe za maikroni 2 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka kama sentimita 20 kwa siku katika maji ya nyuzi 4. Katika maji vuguvugu kama yetu, ya nyuzi 25, chembe hizo hizo zingeshuka kama sentimita 35, kwa sababu maji ya baridi ni mazito zaidi kupita ndani yake. Upepo ukivuruga ziwa, zinapanda tena. Ndiyo maana unga huo huelea majira yote ya kiangazi.

Karibu na barafuto unga huwa mwingi mno, mwanga hurudi kabla haujapoteza chochote, na maji huwa meupe ya kijivu kama uji mwepesi. Mbele zaidi unga umepungua: mwanga huingia mita kadhaa, hupoteza wekundu wake, kisha hurudi ukiwa na buluu na kijani pamoja. Hapo ndipo feruzi inapopatikana. Unga ukizidi kupungua, mwanga huenda mbali zaidi kabla ya kurudi, kijani nacho huliwa, na ziwa huwa buluu tupu. Ziwa Louise lenyewe huanza majira likiwa na buluu iliyoiva zaidi, mwezi wa 6 barafu ya juu inapoondoka, kisha feruzi hukolea mwezi wa 7 na wa 8, mlima unapoyeyuka kwa nguvu.

Sasa, Mwanza ni mji wa mawe. Kwa nini mawe yetu hayatupi feruzi? Kwa sababu hayasagwi, yanaoza. Mvua na joto la miaka mingi hugeuza sehemu ya itale, yaani mawe magumu ya hapa, kuwa udongo wa mfinyanzi, na chuma kilichomo hugeuka kutu. Kutu hula mwanga wa buluu. Utazame Mto Mirongo baada ya mvua ya masika: umejaa chembe ndogo zinazorudisha mwanga vizuri kabisa, lakini kinachorudi ni kahawia. Unga wa barafuto ni mwamba mbichi, haujapata muda wa kushika kutu.

Ghuba ya Mwanza ina mzigo mwingine juu ya huo, mwani. Klorofili yake, yaani kile kinachoipa mimea ukijani, hula buluu na nyekundu, ikaacha kijani. Mbolea na maji machafu yakiingia, mwani huongezeka. Kwenye maziwa ya barafu mwani ni haba: maji ni baridi, chakula chake ni kidogo, na unga wenyewe huziba jua.

Anayetaka kuona tofauti ya chembe atafute vumbi la kokoto kutoka kwa wanaogonga mawe, lile la kijivu hafifu, na udongo mwekundu. Loweka vumbi kabla ya kulichota, maana likiwa kavu huharibu mapafu. Chukua chupa mbili angavu za lita 1, vijiko viwili vya vumbi katika moja, viwili vya udongo katika nyingine. Jaza maji ya mvua, tikisa, acha dakika 10, kisha mimina maji ya juu polepole kwenye chupa safi na uyaache saa 24. Yanayoelea juu baada ya hapo ni chembe za chini ya maikroni 2. Moja itakuwa na ukungu mweupe wa kijivu, nyingine rangi ya chai. Usitumie maji yaliyotiwa shabu: shabu huzigandisha chembe, zikashuka zote kabla hujaona lolote.

Chupa hiyo haitakuwa feruzi, na wengi hukata tamaa hapo. Sentimita chache za maji hazitoshi kula wekundu. Tone la maziwa ya ng'ombe kwenye glasi ya maji nalo hutoa ubuluu kidogo, lakini hiyo ni kazi ya chembe ndogo za maziwa kutawanya buluu zaidi, siyo maji kula nyekundu.

Kuona maji yakila rangi kunahitaji urefu. Nunua kipande cha bomba la PVC la inchi 2, mita 3, ukate ncha zake zinyooke kabisa. Mwombe fundi wa vioo vipande viwili vya sentimita 10 kwa 10, vibandike kwenye ncha kwa silikoni na usubiri siku nzima. Ukiharakisha, kitavuja mara tu bomba litakapojaa. Toboa tundu dogo upande wa juu karibu na ncha moja, inua ncha hiyo kidogo, kisha jaza taratibu kama lita 6 za maji ya chupa hadi hewa yote itoke. Povu likishika kioo, gonga bomba kwa kiganja. Maji ya ziwani hayafai, yatakupa kijani cha mwani.

Weka karatasi nyeupe juani mbele ya ncha moja, utazame kupitia nyingine. Fanya hivyo kwanza bomba likiwa tupu, kwa sababu kioo cha kawaida nacho kina ukijani wake. Likijaa, karatasi ile ile huonekana buluu hafifu yenye ukijani.