Mashine iliyojaa maji ikiwa imezimwa

Mashine yetu ya kufulia ni mtumba wa Uingereza, na Dar haikuwahi kutusumbua. Tulipohamia Dodoma, huku Nkuhungu, ikaanza kujaa maji yenyewe. Unaizima jioni, asubuhi unakuta maji yamefika kwenye kioo cha mlango na mengine yanachuruzika kutoka kwenye droo ya sabuni. Mke wangu akajizoeza kufunga koki ya ukutani kabla ya kulala. Siku akipitiwa, tunaamkia matambara na ndoo.

Fundi wa kwanza hata hakuifungua. Alibonyeza vitufe, akatega sikio, akasema bodi, ile sakiti inayoiongoza mashine, imekufa. Bei aliyoitaja ilikaribia ile tuliyonunulia mashine nzima. Nikampa nauli yake.

Jirani yetu ni mzee mstaafu, kazi yake ilikuwa pampu za visima. Alinikuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, ukichomoa plagi maji yanakatika?"

Hilo halikuwa limetupitia akilini, si mimi wala yule fundi. Tukaingia ndani, akachomoa plagi mwenyewe, kisha akafungua koki. Maji yakaendelea kumiminika ndani.

"Bodi isiyo na umeme itafungua nini?" akauliza. "Hiyo ni valvu."

Tukafunga koki na kutoa mfuniko wa juu. Valvu, yaani kilango cha kuruhusu na kuzuia maji, imekaa nyuma, pale mpira wa maji unapoingilia: kidude cha plastiki chenye koili mbili, moja ya kuloweka na moja ya kufua. Nilipiga picha nyaya kabla hatujazigusa. Mzee akapima koili kwa mita, kila moja ikasoma kama omu elfu nne. Nzima kabisa. Chujio la mdomoni, lile la nyavu ndogo, lilikuwa limeganda ukoko mweupe, uleule unaojaa ndani ya birika zetu. Maji ya Dodoma, ya visima vya Mzakwe, ni magumu, yaani yana chumvichumvi nyingi. Anayeishi hapa hahitaji kuambiwa.

Nilichokipenda ni alivyonieleza inavyofanya kazi. Mimi nilidhani umeme ndio unaofunga maji. Kumbe maji yanajifunga yenyewe: ndani kuna kiwambo cha mpira chenye tundu dogo pembeni, maji yanapenya humo, yanakaa juu ya kiwambo na kukikandamiza. Umeme kazi yake ni kuvuta kipini cha chuma ili yale maji ya juu yatoke na kiwambo kinyanyuke. Tundu likizibwa na chumvi, hakuna cha kukikandamiza, basi njia inabaki wazi, umeme uwepo usiwepo. Na tenki letu, lililokaa juu ya mnara mfupi wa matofali, lilizidisha tatizo, maana presha yake ni ndogo. Maji yaliyoinuliwa mita 10 ndiyo yanatoa presha ya baa moja, kipimo cha presha. Letu halikufika hata nusu ya hapo.

Madukani mjini valvu mpya sikuipata. Nikatuma picha Kariakoo, muuzaji akauliza midomo mingapi, na imenyooka au imepinda. Miwili, imepinda. Shilingi 25,000, ikaja na basi.

Kuifunga hakukuchukua muda: skrubu mbili, mipira miwili na bana zake, nyaya kama zilivyo kwenye picha. Kazi ngumu ilikuwa kuzitoa bana za zamani, plaizi inateleza na vidole vinachubuka. Tukaweka washa mpya, ile pete ya kuzuia mvujo, tukafungua koki na kusubiri huku plagi iko nje. Pakavu.

Mzee alikataa hela, akachukua ile valvu mbovu akaipasulie kwake. Jioni mkewe akabisha hodi na mablanketi mawili mazito. "Nimeambiwa mashine imepona," akasema, akapita nayo moja kwa moja hadi bafuni.