Uzi mnene wa besi ya Mzee

Jana usiku binti yangu alikaa sakafuni na begi la gitaa la besi wazi mbele yake, akipapasa vikazio vya nyuzi kimoja kimoja.

"Baba, mbona hiki hakifanani na wenzake?"

Kabla sijajibu akakigeuza kile kijimkono. Tak. Uzi mnene ukalegea na kuguna. Akarudisha mkono haraka akidhani ameharibu kitu. Nikamwambia hajaharibu, hicho ni cha kushushia uzi. Akaridhika akaenda kulala. Mimi sikulala.

Besi hii ni ya Mzee wa Kihonda. Alinikabidhi mwaka 2007, vidole vyake vilipoanza kukakamaa. Alisema tu, "Ikae kwako." Hakusema nakupa, hakusema nakuazima. Ujana wake aliula Morogoro ile ya Mbaraka Mwinshehe, ya dansi mpaka alfajiri, na besi aliishika namna watu wengine wanavyoshika mkono wa mzazi.

Waliowahi kupigia kwaya wanaijua kero hii. Besi ya nyuzi 4 inaishia noti ya E, mitetemo 41 hivi kwa sekunde, basi, chini ya hapo hakuna kitu. Kwaya yetu ikapenda kii ya D. Wimbo unafika mwisho, sauti ya nne wanashuka, mimi napanda, maana D yangu ya karibu iko juu, uzi wa A freti ya 5, kile chuma cha tano shingoni. Wao wanakwenda kukaa, mimi nabaki nimesimama. Mzee enzi zake alikuwa akimaliza ubeti, mkono wa kushoto unaruka hadi kichwani mwa gitaa, anazungusha kikazio huku shingo ameiinamisha, na kabla kwaya haijavuta pumzi D imekwisha kupatikana. Mimi nilijaribu mara nyingi. Kila mara nilitua katikati ya noti mbili.

Desemba 2011 binamu yangu alikuja likizo kutoka Marekani na kiboksi kidogo: Hipshot Xtender, kikazio chenye kijimkono cha kushusha uzi wa E mpaka D. Nilikuwa nimemtumia picha na vipimo vya mgongo wa kichwa cha gitaa ili alete kinachoingia. Kwa Mzee ni dakika 20 kwa miguu. Sikwenda kumuuliza.

Kazi niliifanya mezani jikoni, kitenge kimekunjwa chini ya shingo ya gitaa. Nililegeza uzi, nikafungua skrubu 4 za kikazio cha zamani, kikatoka kimeacha alama nyeupe kwenye mbao, mfano wa ngozi chini ya saa. Kipya kilikaa vizuri. Matundu matatu yalilingana, la nne likakataa, likapishana kwa upana wa punje ya mchele. Nilikaa nikilitazama lile tundu kwa muda mrefu sana. Kisha nikaliziba la zamani kwa njiti ya kiberiti na gundi ya mbao, nikachukua keekee nyembamba kuliko zote nilizokuwa nazo, nikatoboa. Vumbi lilitoka rangi ya asali. Mbao ya miaka mingi ina harufu yake, na ile harufu ndiyo iliyonishtua kuliko tundu lenyewe.

Kutyuni kukachukua jioni nzima. Unaweka E kwanza, unageuza kijimkono, halafu ile skrubu ndogo ya kuzungusha kwa kidole ndiyo inayoamua uzi ushuke mpaka wapi. Unapandisha tena, unakuta E imesogea, unarudia. Uzi ulikuwa unang'ang'ania kwenye mfereji wake mwanzoni mwa shingo, nikausugulia humo unga wa penseli, ukateleza. D niliitafuta kwa sikio. Unagusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, unatoka mlio kama wa kengele, unaulinganisha na uzi wa D ulio wazi. Sauti mbili zinapigana, zinayumba, zinayumba polepole, mpaka zinatulia kuwa moja. Zilipotulia mke wangu aliacha kuosha vyombo.

Jumamosi, Mzee akaja mazoezini.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Lete."

Akaipakata. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja nyuma ya kichwa cha gitaa, kikapita juu ya kile chuma, kikashuka, kikasimama penye njiti ya kiberiti. Kucha ikauzunguka ule mviringo mdogo mara mbili. Wanakwaya wanapiga soga, feni inalia, na mimi naisikia kucha.

"Umeitoboa."

"Ndiyo, Babu. Nilipaswa kuja kwanza."

Hakuniangalia. Akanirudishia. "Haya, piga."

Tukaimba. Mwisho wa wimbo nikageuza kijimkono, sauti ya nne wakashuka, na kwa mara ya kwanza nikashuka nao mpaka chini. Kioo cha dirisha kilitetemeka. Yule mama anayesimama karibu na spika akaweka mkono kifuani. Mzee alikuwa amefumba macho. Wimbo uliofuata nikaingia bila kurudisha uzi, nikaenda freti ya 3 kutafuta G, ikatoka F, maana uzi ukishashuka kila noti inahamia freti 2 mbele.

"Pandisha," akasema, macho bado amefumba.

Baada ya mazoezi aliomba aondoke nayo. Miaka minne hakuwahi kuomba. Nikamfungia begi, nikambebea mpaka kwenye bodaboda, na njia nzima ya kurudi nyumbani nikajiambia ameichukua na hanirudishii.

Jumatatu mjukuu wake akaileta. Hakukuwa na ujumbe. Nilipofungua begi nikakuta kijimkono kimegeuzwa, uzi uko chini. Nikagusa freti ya 12, nikapiga na ule uzi wa D. Hazikuyumba hata kidogo.

Nilitaka kumuuliza alipiga nini siku zile mbili na vidole vile. Nikaona haya kwa sababu ya tundu, nikaahirisha, mwaka uliofuata akafariki.

Kikazio chake cha zamani ninacho, kwenye kopo la skrubu. Asubuhi ya leo binti yangu amekiomba. Bado sijamjibu.