Nilivyoidhibiti sukari ya asubuhi katika ujauzito

Niligundulika kuwa na kisukari cha mimba nikiwa katika wiki ya 26. Nilifika kliniki asubuhi bila kula tangu usiku, nikatolewa damu, nikanywa maji yaliyokorogwa gramu 75 za glukosi, kisha nikatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kipimo kimoja tu kikifikia kikomo kinatosha: milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Changu cha kabla ya kula kilikuwa 5.6; vingine viwili vilikuwa chini ya kikomo.

Nilipouliza sukari hiyo imetoka wapi ilhali sijala, daktari alinijibu, "Hii imetoka kwenye ini lako, mama." Usiku tunapolala, kongosho hutoa homoni ya glukagoni inayoliamuru ini kuachia sukari liliyoihifadhi ili ubongo usikose nguvu, na insulini, ambayo nayo hutoka kwenye kongosho, hulizuia ini lisizidishe. Wakati wa ujauzito homoni za kondo la nyuma hudhoofisha kazi ya insulini, hivyo kongosho hulazimika kutengeneza nyingi zaidi, na langu lilikuwa limeelemewa.

Nyumbani nilitakiwa kubaki chini ya 5.3 kabla ya kifungua kinywa na chini ya 7.8 saa moja baada ya kuanza kula. Nilinawa kwa sabuni na kukausha mikono kabla ya kila kipimo, kwa kuwa hata maji ya embe yaliyobaki kidoleni hupandisha namba kwa uongo, kisha nilichoma pembeni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni madogo. Daftari lilinionyesha mambo ambayo hakuna aliyeweza kunibashiria. Ugali wa sembe kwa mchuzi mtupu ulinipeleka kwenye 9, lakini ugali wa kiasi cha ngumi, ukiambatana na dagaa na mchicha mwingi, uliniacha kwenye 7 na ushei. Chapati ile ile niliyoimudu mchana ilinishinda asubuhi, wakati ambapo mwili hukaidi insulini zaidi, nikahamia kwenye mayai ya kuchemsha na kipande kidogo cha kiazi kitamu.

Namba ya alfajiri haikushuka. Muuguzi alinikataza kulala njaa, kwa sababu kufunga hakulizuii ini kutoa sukari, na hatimaye nilianzishiwa insulini ya usiku. Wapo jamaa walioniona kama nimeshindwa, na bado napingana nao kwa nguvu zote: nilipewa kile kile ambacho kongosho langu lilikuwa halikitoshelezi. Asubuhi zikaanza kusoma 4.8, 4.9.

Kondo lilipotoka, sindano zilisitishwa siku hiyo hiyo. Baada ya wiki sita nilirudia kipimo cha kunywa glukosi, maana kile cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, huweza kudanganya mapema hivyo, damu iliyopotea wakati wa kujifungua na chembe nyekundu mpya za damu zinazotengenezwa zikikishusha. Majibu ya saa mbili yalikuwa 6.9, chini ya kikomo cha 7.8. Kwa kuwa mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba hubaki na hatari kubwa ya kupata kisukari cha aina ya pili, sasa napimwa kila mwaka.