Kilomita tano za Moshi kwa sare ya vitenge

Mimi si mkimbiaji, lakini kila mwaka Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003, zinapokaribia, mimi na marafiki zangu wanne tunajiandikisha kwa kilomita 5, ambazo ni za kujifurahisha na mtu anaweza kutembea apendapo. Wale wa kilomita 42.2 na 21.1, ambao nawaheshimu sana, huwa wameshatangulia.

Kila safari tunachagua vazi moja, na safari hii lilikuwa kitenge: sketi za marinda na vilemba. Tulipofika kilomita ya tatu, kilemba changu kilikuwa kimelowa jasho na kunishukia machoni, basi shoga yangu akanivuta kando ya barabara akanifunga upya, akilikaza fundo kisogoni kwa vidole vyake vyote, huku watoto wakitupigia makofi na kuita, "Mama, kimbia!" Tulikimbia kweli, mpaka kwenye kona. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, na nilifurahi kuutazama nikiwa na watu ninaowapenda.

Tulimaliza tukiwa tumeshikana mikono, kisha tukaenda kunywa mtori wa moto.