Kocha asiye na mshahara

Mwaka 2017 nilikuwa nasoma katika chuo kikuu kimoja jimboni Ohio, Marekani, na kibarua changu kilikuwa kuihudumia timu ya softiboli ya wanawake, mchezo ambao mmoja hurusha mpira, na mwingine huupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka besi, yaani vituo vya uwanjani, ili kupata pointi. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, mradi usizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na nafasi ya maktaba niliyokuwa naitaka ilishachukuliwa. Ndivyo binti wa Morogoro, niliyekulia kwenye netiboli na rede, nilivyojikuta kwenye baridi ya Aprili na kalamu mkononi, naandika kila mpira unaorushwa: ni wa aina gani, umepita wapi, mpigaji kaufanya nini.

Benchi letu la ufundi lilikuwa la watu wanne. Kocha mkuu, mama wa makamo aliyewahi kuucheza mchezo huo chuoni enzi zake, alisimama karibu na besi ya tatu kila timu yetu ilipokuwa inapiga. Aliwapa wapigaji ishara kwa kugusa kofia, mkanda, kifua, sikio, na nyingi za ishara hizo zilikuwa za kuwazuga wapinzani tu. Msaidizi wake wa upigaji alisimama besi ya kwanza. Kocha wa warushaji hakuwa na kiti zaidi ya ndoo ya mipira yenye mfuniko wa sponji. Akikaa juu ya ndoo hiyo alipaza sauti tarakimu tatu, mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, akaangalia kijedwali kwenye mkanda wa mkononi mwake, kisha akamwonyesha mrushaji kwa vidole kama ni mpira wa kupanda, wa kuzama au wa kupunguza mwendo.

Wa nne alikuwa kocha wa kujitolea, na ndiye niliyekaa naye karibu msimu mzima. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, wakati ule ziliiruhusu timu ya daraja la kwanza kuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wa kulipwa na mmoja wa kujitolea. Huyo wa mwisho chuo hakikuruhusiwa kumpa mshahara. Yule dada alikuwa anapanga bidhaa dukani tangu alfajiri, halafu mchana anakuja uwanjani kusawazisha udongo kwa reki, kuwarushia wasichana mipira ya mazoezi, na kukaa na mrushaji anayelia nyuma ya kibanda cha wachezaji. Mimi wa kuandika karatasi nililipwa kwa saa. Yeye mwenye ujuzi wote ule hakulipwa hata senti. Jambo hilo liliniuma wakati ule na bado linaniuma.

Jumapili ninayoikumbuka ilikuwa mechi ya tatu ya mfululizo wa mechi tatu na wapinzani wale wale. Mrushaji wetu mkuu, msichana wa mwaka wa nne, alikuwa amerusha mechi nzima Ijumaa, na akarusha tena kidogo Jumamosi. Watu wengi huamini kwamba kurusha mpira mkono ukitokea chini, kama wafanyavyo warushaji wa softiboli, hakuchoshi, ndiyo maana vyuoni mrushaji mmoja anaweza kubebeshwa mechi nyingi mno. Bega linaweza likavumilia. Miguu je? Kutoka kwenye kibao cha kurushia mpaka sahani ya mpigaji ni futi 43, kama mita 13, na ule mpira wa manjano unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Kasi hiyo inaanzia kwenye paja na kisigino, mkono unamalizia.

Mechi ya softiboli ni iningi saba, na katika kila iningi timu zote mbili zinapata zamu ya kupiga. Wapinzani walipomaliza zamu yao ya nne tulikuwa tunaongoza 3 kwa 2. Karatasi yangu ilionyesha mambo mazuri. Wapigaji wao walikuwa wanakosa mipira, na waliyoipata waliigonga vibaya. Kocha wa warushaji aliichungulia, akaridhika.

Yule dada hakuiangalia karatasi. Alikuwa ameegemea wavu wa kibanda, macho kwenye udongo. Mrushaji akiruka mbele, mguu wake wa kutua huchimba kishimo, na mguu wa nyuma huburuta na kuacha mchirizi. Akaniita, "Njoo uone. Kishimo cha iningi ya kwanza ni kile kule. Sasa anatua huku." Nikaangalia. Kweli, palikuwa na vishimo viwili, na kile kipya kilikuwa nyuma ya kile cha zamani kwa karibu urefu wa kiatu. Hatua imefupika, akaniambia, na hatua ikifupika mpira wa kupanda haupandi tena, unanyooka na kumfuata mpigaji pale pale anapoutaka. Bado hawajagundua, lakini watagundua.

Kocha mkuu akawakusanya wenzake watatu kabla hajaenda kusimama kwenye besi ya tatu. Wasichana walikuwa wanavaa helmeti, muda wenyewe dakika moja hivi, na mimi nilikuwa mbele yao na karatasi yangu, kwa hiyo nilisikia yote. Alianza kwa kumuuliza wa chini kabisa, "Wewe umeona nini?" Yule dada akasema habari ya vishimo, akapendekeza mrushaji apumzishwe iningi moja kisha arudishwe. Kwenye softiboli ya vyuo mchezaji aliyeanza mechi akitolewa anaweza kurudi mara moja, mradi arudi kwenye nafasi yake ile ile ya kupiga. Kocha wa warushaji akakataa. Hoja yake ilikuwa nzito: wapigaji watatu wanaofuata ndio wakali wao, na anayesubiri kuingia ni mtoto wa mwaka wa kwanza. Msaidizi wa upigaji naye akamuunga mkono. Kocha mkuu akatazama uwanjani, akasema, "Mpashe mtoto joto. Anaingia iningi ya tano."

Kocha wa warushaji hakununa. Alinyanyuka kwenye ndoo, akaenda mwenyewe kumpasha joto yule mtoto aliyekuwa hataki aingie, akamwelekeza kwa upole ule ule wa siku zote. Nimeshakaa na viongozi wa sehemu nyingi tangu hapo. Mtu aliyeshindwa hoja akaitumikia hoja iliyomshinda kwa moyo wote, nimewaona wachache.

Mrushaji mkuu alipoambiwa apumzike alitupa glovu kwenye benchi na kujifunika taulo kichwani. Yule dada akaenda kukaa kando yake. Hakumbembeleza, alimpa maji na kumwambia anyooshe mapaja.

Mtoto wa mwaka wa kwanza akaruhusu pointi moja. Ikawa 3 kwa 3. Mzazi mmoja nyuma ya uzio akaanza kupiga kelele kuuliza ni nani aliyetoa wazo lile, na nilimwona yule dada akimeza mate.

Iningi ya sita mrushaji mkuu akarudi. Nilikuwa sijawahi kuandika ukurasa kama ule. Wapigaji sita mfululizo, katika iningi ya sita na ya saba, hakuna aliyefika besi ya kwanza. Mpira ulipanda tena, wakawa wanapunga magongo chini yake. Na udongoni mguu wake ulikuwa unatua ndani ya kile kishimo cha kwanza.

Lakini tulifungwa. Tulishindwa kupata pointi kwenye zamu zetu zilizobaki, iningi saba zikaisha tukiwa sare, mechi ikaongezwa, na iningi ya nane mpira wa kawaida kabisa ukamponyoka mlinzi wetu kati ya besi ya pili na ya tatu. 4 kwa 3.

Baada ya mechi timu hukaa duara nyasini. Kocha mkuu alisema maneno machache: kumtoa mrushaji ulikuwa uamuzi wake, na angeufanya tena kesho. Baba yule wa kwenye uzio alipomfuata alipewa jibu lile lile, na jina la yule dada halikutajwa. Wakati huo huo kocha wa warushaji alikuwa amechuchumaa kwenye duara la mrushaji pamoja na yule dada, anaupima umbali wa vishimo kwa viatu vyake. Kuanzia wiki iliyofuata karatasi yangu iliongezewa safu mpya: mguu umetua wapi.

Januari 2023 NCAA ilipiga kura kuondoa cheo cha kocha wa kujitolea, na kuanzia Julai mwaka huo vyuo vikaruhusiwa kuwalipa makocha wa nafasi hizo. Nilimtumia yule dada ujumbe siku niliyoisoma habari hiyo. Akanijibu usiku, akasema chuo kingine kimeshampa mkataba, kwamba ameacha kazi ya dukani, na kwamba sasa ndiye anayekaa kwenye ndoo na kuita tarakimu.