Brougham, wakili alotaka wenye meli za watumwa wafungwe

Huku kwetu ukizungumza habari za kukomesha utumwa utatajiwa Wilberforce na Livingstone basi, Henry Brougham hatajwi kabisa, na mie naona hatumtendei haki.

Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa, lakini adhabu ilikuwa faini, pauni 100 kwa kila mtumwa. Sasa mfanyabiashara anapiga hesabu zake, meli moja ikikamatwa na nyengine zikafika salama bado faida ipo, kwa hivo faini anaitia kwenye gharama za safari pamoja na tanga na kamba. Brougham, wakili alosoma Edinburgh, kaingia bungeni 1810 na tundu hilo akaliona mara moja. Mwaka uliofuata mswada wake ukapita, biashara ile ikawa kosa la jinai, miaka mpaka 14 ya kupelekwa uhamishoni ng'ambo au kifungo na kazi ngumu. Hapo tena pesa haimuokoi mtu, anakwenda yeye mwenyewe.

Baadae alipanda sana. 1820 alimtetea Malkia Caroline, mke wa Mfalme George wa Nne, mbele ya Lords, baraza la juu la bunge lao, mpaka serikali ikauacha mswada wa kumvua umalkia, 1828 akasimama bungeni masaa sita anaeleza ubovu wa mahakama za kwao, 1830 akawa Lord Chancellor, yaani mkuu wa mambo ya sheria na mahakama serikalini. Yumo serikalini 1833 ilipopita sheria ya kufuta utumwa wenyewe kwenye makoloni, na hapa ndo panaponiuma, pauni milioni 20 walilipwa mabwana, alotumikishwa hakupata hata senti. Mwaka wa pili yake akatoka madarakani na hakurudi tena.

Ukenda Mkunazini, mjini Unguja palipokuwa na soko la watumwa, ukazitazama zile sanamu tano shimoni, minyororo shingoni, ndo utajua kwa nini nashikilia habari ya adhabu. Kwetu mikataba ya Waingereza ya kuizuia biashara hiyo ilikuwepo, 1822 wa Moresby, 1845 wa Hamerton, na soko la mjini likaendelea vile vile mpaka 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipotishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza. Na 1897, utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe uhuru wake, na fidia ikapewa bwana wake, yale yale ya 1833.